Kumchagulia Odero Bunduki

Bunduki arobaini na moja zilisimama ukutani katika stoo ya silaha ya polisi mjini Kisii, na Sajini Warsame alizijua zote kama mwalimu mkongwe anavyolijua darasa lake: hii mvivu, hii mwongo, hii ina akili lakini haina bahati. Mwezi huo wa Februari, mwaka 1953, alitakiwa achague moja tu. Kisumu kulikuwa na mashindano ya shabaha ya yadi mia sita, na kila stesheni ilitakiwa kupeleka mpigaji mmoja na bunduki moja. Mpigaji wa Kisii alijulikana hata na watoto wa kambini. Bunduki ndiyo iliyokuwa bado.

Zamani kazi ya namna hiyo ingemkosesha Warsame usingizi kwa furaha. Sasa alikuwa amechoka. Uchovu wa siku moja huoshwa kwa kikombe cha chai, lakini huu wake ulikuwa wa miaka ishirini na mitatu ya mafuta ya bunduki, ya vita vya watu wengine, na ya mvua ya Kisii inayopiga mabati kila alasiri kama iliyotumwa. Magoti yalimlia akiinama, yakamlia tena akiinuka. Mkewe Kaltuma alisema magoti hayo yana adabu kuliko mwenyewe, kwa kuwa yakiumwa husema.

Hata hivyo, kilichomlemea zaidi ni lile tangazo la gwarideni. Bwana Inspekta alikuwa amesimama mbele ya askari na karatasi mkononi, akasema kwamba atakayeshika nafasi ya kwanza Kisumu atapelekwa Nyeri, kwenye ukingo wa msitu, kwa ajili ya hii hali ya hatari. Huko walihitaji watu wanaoweza kumpiga mtu akiwa mbali. Alisema ni heshima kubwa kwa stesheni. Askari wakapiga makofi, maana ukiambiwa jambo ni heshima na aliyekuambia ana nyota begani, mikono hujua la kufanya.

Mpigaji mwenyewe, Konstebo Odero, hakupiga makofi wala hakukunja uso. Alikuwa kijana mwembamba wa kutoka kando ya ziwa, mpole, asiyependa maneno. Utotoni alilinda mtama wa mama yake kwa kombeo, na kombeo hiyo ilimfundisha kulenga mahali ndege atakapokuwa, si mahali alipo. Shule ya kulenga ilikuwa hiyo tu. Askari wengine wakishika bunduki walionekana kama wanabishana nayo, lakini Odero aliishika kama mtu anayembeba mtoto aliyelala.

Warsame akaanza kuchagua. Mtu asiyejua huchagua bunduki kwa sura, kama kijana anavyochagua mke sokoni Keroka, kisha miaka yote akalaumu macho yake. Warsame alianza na mtutu. Alichomoa bolti, kile chuma cha kuufungia mtutu nyuma, akauelekeza mtutu dirishani na kuchungulia kwa nyuma. Mwanga ukikaa ndani kama pete zilizolingana tangu mwanzo hadi mwisho, vyema. Pete moja ikivimba upande, bunduki hiyo inarudi ukutani. Thelathini zikarudi. Kumi na moja zilizobaki akazitazama bolti, kama zinafunga kwa mabega yote mawili, kwa sababu bolti inayoegemea bega moja ni kama mpagazi aliyebeba gunia upande mmoja: atafika, lakini hatapita njia iliyonyooka. Zikabaki nne.

Kisha likaja jambo la mti, na hapa ndipo Warsame alipowazidi mafundi wengine wote wa jimbo. Mtutu wa bunduki hulala juu ya mti, na mti ukiugusa vibaya, risasi huenda unakotaka mti. Ili kupaona panapogusa, fundi hupaka mtutu rangi. Warsame alitumia jiwe. Konstebo Nyangau, Mgusii mcheshi aliyekuwa na mjomba mchongaji kule Tabaka, alimletea kila mara unga wa lile jiwe laini linalochongwa bakuli na sanamu. Warsame aliuchanganya na tone la mafuta, akaupaka mtutu mwembamba kama poda ya bibi harusi, akaulaza mtini, akakaza skrubu, kisha akafungua tena. Palipobaki alama nyeupe kwenye mti ndipo palipogusa. Alipakwangua kidogo kwa kisu, akapaka tena, akalaza tena, siku nzima.

Mwisho zikabaki mbili. Ya kwanza ilikuwa namba tisa, kizee cha bunduki kilichofika vitani hadi Uhabeshi na Bama kule Asia, tako lake limechubuka na mti wake umekauka kama fimbo ya mchungaji. Ya pili ilikuwa namba arobaini, iliyofika mwaka uliopita ndani ya sanduku, mti wake mwekundu unang'aa. Siku ya mvua, unga ulionyesha kwamba mti wa namba arobaini unaukumbatia mtutu pande zote sawasawa. Hakukuwa na namna ya kupendeza kuliko hiyo. Lakini Warsame alikuwa mtu wa shaka. Aliliazima jiko la makaa la Kaltuma, akaiweka bunduki karibu nalo kutwa nzima, na jioni akapaka unga upya. Mti ulikuwa umejikunja. Kwenye ncha, upande mmoja, palikuwa na alama nyeupe nzito kama kidole.

Mti ule ulikuwa mbichi. Kisii, kwenye unyevu wake, ungenyooka. Kisumu, kwenye jua la Februari, ungekauka ndani ya siku mbili na kuusukuma mtutu kushoto. Kaltuma alipolikuta jiko lake lina mafuta ya bunduki, alimkumbusha kwamba mchagua nazi hupata koroma. Warsame akamjibu kwamba ndiyo kwanza ameitambua koroma, na kwamba namba tisa ndiyo itakayokwenda.

Hilo lilikuwa Jumanne. Jumatano alasiri Rispa, mkewe Odero, akaja nyumbani kwa Warsame.

Nyumba zao zilitenganishwa na ukuta mmoja, na Rispa alikuwa akiingia kwa Kaltuma bila kubisha. Siku hiyo alibisha. Alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza kukaa baada ya mbili kutoka. Kaltuma alimpa kigoda na chai, akataka kuondoka, lakini Rispa akamwomba abaki. Akaanza mbali: mvua, kuni, mguu uliovimba. Warsame akamngoja. Alijua mzigo mzito hautuliwi kwa mara moja.

"Mzee," Rispa akasema mwishowe, "nimekuja kuomba kitu, na sijui kama inaombwa."

"Sema, mwanangu."

"Mpatie bunduki ya kukosa."

Kaltuma akaweka chini kikombe chake. Rispa akaeleza, huku akiitazama sakafu, kwamba amemwomba mumewe mwenyewe akose kidogo tu, mara mbili tatu, na mumewe alikasirika kama mtu aliyeambiwa aibe sadaka. Odero hakutaka kwenda Nyeri. Lakini hakuweza kulala chini, kulenga na kukosa kwa kusudi. Mkono wake haukuijua njia hiyo. Na hata angejaribu, wakubwa wangeona, kwani mtu anayekosa kwa makusudi risasi zake hutawanyika kama kuku walioona mwewe. Bunduki ikikosa yenyewe, hakuna wa kulaumiwa.

Hakuna isipokuwa fundi, Warsame aliwaza, lakini hakulisema. Akasema tu, "Nimesikia."

Rispa alipoondoka, Kaltuma alikusanya vikombe. Hakumshauri mumewe kitu. Hakuhitaji, kwa sababu alilijua jina ambalo mumewe alikuwa akilikumbuka. Bama, mwaka 1944, Warsame alimchagulia bunduki kijana wa Isiolo aliyeitwa Ahmednoor. Aliipaka, akaikwangua na kuilaza wiki nzima, ikawa bunduki ya kupiga kisahani kutoka ng'ambo ya mto. Ahmednoor akawa mpigaji bora wa kombania, na kwa kuwa alikuwa bora, kila penye hatari aliitwa yeye. Aliitwa mara kumi na moja, akarudi. Mara ya kumi na mbili bunduki ilirudi bila yeye, nzima, haina hata mkwaruzo, na Warsame ndiye aliyepewa aisafishe. Tangu siku hiyo aliifanya kazi yake vizuri kama kawaida, ila hakuipenda tena.

Ijumaa ilikuwa siku ya majaribio. Uwanja wa shabaha wa Kisii haukuwa uwanja, kwa maana nchi ile haina tambarare ya yadi mia sita. Mpigaji alilala kilima cha huku na karatasi ikasimama kilima cha kule, chini ya barabara ya Keumbu, na katikati kulikuwa na kijito. Nyangau alisimama kijitoni na bendera nyekundu kuwazuia akina mama wenye mitungi, nao wakamtukana kwa Ekegusii cha kutosha siku nzima. Odero alipiga risasi kumi kwa namba tisa, na matundu yote yakaingia mahali ambapo ungepafunika kwa ungo. Kisha akapiga kumi kwa namba arobaini. Hayo ungeyafunika kwa sahani. Ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, na mti mbichi ulikuwa umeshiba maji na kutulia.

Bwana Inspekta alifurahi mpaka masikio yakawa mekundu. Tangu mwanzo aliipenda ile mpya. Lakini alikuwa amejifunza, kama waliomtangulia, kutoamua jambo la bunduki bila Warsame, kwa hiyo akamgeukia na kumwuliza anasemaje.

Sasa hapo, msomaji, pima mwenyewe. Katika miaka ishirini na mitatu Warsame alikuwa ameombwa aseme uongo mara nyingi na hakuusema hata mara moja, si kwa uchaji, ila kwa sababu bunduki haidanganyiki. Ukiisema nzuri na ni mbovu, itakuumbua mbele ya watu. Jina la mtu mkweli ndilo pekee alilokuwa nalo. Hakuwa na shamba, hakuwa na mtoto, na huko kwao alikokuwa akiambiwa ni kwao hakuwahi hata kulala. Odero alikuwa amelala bado kwenye nyasi mvua, shavu juu ya tako la bunduki, akisubiri.

"Hiyo mpya, Bwana," Warsame akasema.

Waliondoka kwa lori Jumatatu, wakapita Oyugis na Sondu, wakateremka hadi kwenye joto la Ahero ambako upepo wenyewe unatoka jasho. Warsame alikaa nyuma na bunduki imefungwa kwenye blanketi, akauhisi mti ukikauka mkononi mwake, au alidhani anauhisi. Odero alimpa sehemu ya ndizi zake. Alizungumza kuliko kawaida yake. Alisema mtoto akiwa wa kiume atamwita Odero mdogo, na akiwa wa kike Rispa ameshachagua jina na hataki kumwambia. Warsame alicheka mahali pa kucheka. Aliona aibu, lakini chini ya aibu hiyo kulikuwa na utulivu ambao hakuwa ameuonja tangu Bama: kwa mara moja tu atakuwa amemrudisha mtu nyumbani.

Jumatano, saa nne asubuhi, uwanja wa Kisumu ulikuwa mweupe kwa jua. Wapigaji walikuwa tisa, na kila mmoja alipewa risasi mbili za kujaribu kabla ya kumi za kuhesabiwa. Odero akalala, akavuta pumzi, akapiga. Kule shabahani kijiti kikainuka kuonyesha: kushoto kabisa, karibu na ukingo wa karatasi. Akapiga ya pili. Kushoto tena, palepale. Warsame, aliyekuwa amesimama nyuma na mafundi wenzake, alishusha pumzi. Imekwisha, akajisemea.

Odero hakugeuka. Alibaki amelala bila kutikisika kwa muda, kama anayesikiliza kitu ardhini. Halafu akasogeza kiwiko chake, upana wa vidole viwili tu, na Warsame akaelewa kabla hata risasi haijatoka. Kijana alikuwa analenga hewa. Aliacha jicho jeusi la karatasi, akalenga nje kabisa upande wa kulia, mahali pasipo na kitu. Alilenga pale ndege atakapokuwa.

Kijiti kikaonyesha katikati. Kikaonyesha katikati tena. Mara kumi kiliinuka, na mara tisa kilikuwa katikati. Aliyemfuata alikuwa na sita.

Walimbeba juu. Bwana Inspekta alimpa mkono mbele ya watu wote na kumwuliza bunduki ilikuwaje, maana hata yeye aliona zile mbili za kwanza. Odero akajibu kwamba bunduki ni nzuri sana, ni yeye aliyelala vibaya mwanzoni. Basi, Bwana Inspekta akasema, bunduki hiyohiyo ataondoka nayo kwenda Nyeri, na akaiandika namba yake hapohapo.

Jioni, wakiwa wamekaa kwenye gurudumu la akiba wakingoja lori litiwe mafuta, Odero akamsogelea mzee na kusema kwa sauti ya chini, kwa namna ya mtu anayemfunika mwenzake nguo.

"Iliniangusha kidogo, Mzee. Inakwenda kushoto. Lakini usijali, sikumwambia. Kila mtu anakosea siku moja."

Warsame angalimwambia nini? Kwamba hakukosea? Kwamba mkewe alikuja akakaa kwenye kigoda akaomba? Alimshukuru tu.

Kisii kulipigwa ngoma. Rispa alipika, akawalisha wageni wa mumewe, akatabasamu ilipobidi. Siku ya pili alikutana na Warsame bombani. Alikiinua kidumu chake kabla hakijajaa, akaondoka nacho nusu. Kaltuma alitaka kwenda kumweleza yote, na Warsame akamkataza. Alisema mwenye kushindwa hana hadithi.

Wiki iliyofuata amri ilikuja kwamba Odero aondoke Jumapili. Alhamisi Warsame alikwenda ofisini, akasimama wima magoti yakilia, akamwambia Bwana Inspekta kwamba afadhali kijana apewe namba tisa. Bwana Inspekta alimtazama kwa huruma ya mtu anayemwona mzee amechoka. Bunduki ilishinda, alisema, na namba yake imeshaandikwa Kisumu na Nyeri. Akamwambia pia apumzike.

Hakupumzika. Aliliazima tena jiko la Kaltuma, naye Kaltuma safari hii hakusema lolote kuhusu nazi. Alilileta mwenyewe likiwa na makaa. Siku mbili Warsame aliukausha mti wa namba arobaini taratibu, mpaka ukajikunja kwa kadiri ya uwezo wake wote. Jumamosi alasiri akatoka nao barazani mwa stoo, ambako kulikuwa na mwanga, na mvua ikawa inapiga mabati. Akaupaka mtutu unga wa Tabaka. Akaulaza, akakaza, akafungua. Pale kwenye ncha palikuwa na ile alama nyeupe nzito kama kidole. Akachukua kisu akaanza kukwangua.

Alijua anachokifanya. Alikuwa anainyoosha bunduki kwa ajili ya vita asivyovipenda, na mwisho wa mstari ule mnyoofu atasimama mwana wa mtu mwingine, aliyepikiwa na mama yake. Alilijua hilo na aliendelea. Hakuwa na nguvu ya kuwaokoa wawili. Hata mmoja alikuwa ameshindwa kumwokoa.

Alipoinua kichwa, Rispa alikuwa amesimama kwenye ngazi, leso ya kichwani imelowa. Alikuwa amekuja kuchukua mkoba wa mumewe stoo. Alitazama bunduki iliyofunguliwa, na kisu.

"Hata baada ya kushinda hujaiacha," akasema.

Warsame hakuwa na nguvu za kuficha tena. Akamwonyesha ile alama kwa ncha ya kisu. "Hapa ndipo ilipotupa risasi kushoto. Nilipaona kabla hatujaondoka, nikanyamaza. Nilimpa ya kukosa, mwanangu, kama ulivyosema."

Rispa aliinama akapatazama. Uso wake ulipitiwa na mambo mengi, hakuna hata moja lililotua. "Na bado akashinda."

"Alishinda yeye. Bunduki ilikosa."

"Na sasa unaitengeneza."

"Huko anakokwenda si karatasi," Warsame akasema. "Nao wana bunduki. Mwenye kukosa wa kwanza..." Akarudi kukwangua. Mti ulimcheza mkononi, na kisu kikateleza kikaacha mkwaruzo mahali pasipotakiwa. Mti mrefu bila mtutu huwa mwepesi, na peke yake hakuweza tena kuushika na kuukwangua kwa pamoja.

Rispa aliifuta mvua usoni kwa ncha ya leso. Akapanda ngazi, akakaa taratibu sakafuni kwa uzito wa tumbo lake, akanyoosha mikono.

"Nishike wapi?" akauliza.

Alimwonyesha. Akaukamata mti kwa mikono miwili ili usicheze, na mzee akaendelea kukwangua.